Kumtafuta Profesa K.H.J.

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nafasi imetangazwa! Moja tu. Mhadhiri wa kudumu, Idara ya Mawasiliano. Mimi nimekuwa mhadhiri wa muda tangu kabla binti yangu Wayua hajazaliwa, na sasa Wayua yuko gredi ya nne. Juzi mwalimu wao aliwaambia waandike kazi za wazazi. Akaandika: "Mama anauza mashuka Gikomba. Baba anafanya kazi wakati mwingine." Mwalimu akampa alama zote. Niliumia sana.

Dkt. Kasiva, mkuu wa idara, ametuita mimi na Roseline Owino. Roseline naye ni wa muda, naye anaishi mtaa wa Buruburu, kwenye korti ya nyumba iliyo ya pili kutoka yetu. Ana tabia mbaya ya kusoma kila kitu mpaka mwisho. Dkt. Kasiva akasema idara inataka kuchagua kanzidata moja ya kuhesabia nani amenukuliwa na nani katika utafiti wa mawasiliano. Kila mmoja wetu aandike ripoti ya kuzilinganisha, zisomwe mbele ya kamati Ijumaa ya wiki ijayo. Hakusema kwamba mwenye ripoti bora ndiye atakayeajiriwa. Hakukuwa na haja.

Kanzidata zenyewe ni tatu. Kuna ya kampuni ya ng'ambo, ya kulipia. Kuna ya vyuo vya huku kwetu. Na kuna ile ya bure. Nimezipa majina: Ya Ng'ambo, Ya Kwetu, Ya Bure. Jioni nikamweleza mke wangu Mutheu kwamba hizi ni mitambo inayohesabu makala yako imetajwa mara ngapi na wasomi wengine. Mutheu akasema kumbe ni umbea uliohesabiwa.

Mkakati: nitazichunguza zote bila upendeleo, kisha nitachagua ile inayonipenda.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza na Ya Ng'ambo. Safi, imepangwa, inang'aa. Nikaandika jina langu. Wakatokea watu wawili: Ndolo M. na Muindi N. Wote ni mimi, Ndolo Muindi, ila mtambo haujui jina langu lipi linatangulia. Ndolo M. ana makala moja, imenukuliwa mara moja. Muindi N. ana makala moja, haijanukuliwa. Mimi wawili, na wote maskini!

Tena makala yangu kubwa, "Usikojoe Hapa: Lugha ya Marufuku kwenye Kuta za Eastlands", haimo kabisa. Niliiandika kwa Kiswahili katika jarida la hapa nyumbani, na kwa Ya Ng'ambo hilo ni sawa na kutoandika. Nilizunguka kuta zote kuanzia Makongeni hadi Umoja kwa ajili ya makala ile. Nilifukuzwa na watu waliodhani nimekuja kufanya kile kinachokatazwa.

Ya Kwetu haikufunguka. Maandishi mekundu yalisema inafanyiwa matengenezo. Jioni ilikuwa bado inafanyiwa.

Mwishowe Ya Bure. Mara themanini na sita! Nimenukuliwa mara themanini na sita! Niliinuka kitini. Kanzidata yenye macho hii. Inaona vitabu, tasnifu, makongamano, hata kijarida cha kanisa nilichokihariri siku moja. Nikamwita Mutheu aje aone. Akainama kwenye skrini, akasoma taratibu, akauliza tangu lini ninatibu mbuzi.

Kumbe yuko Ndolo M. mwingine, daktari wa mifugo huko Machakos. Ameandika sana kuhusu upele wa mbuzi. Themanini na moja ni zake.

Nimefikiri kwa kina. Sitasema kitu. Mbuzi nao huwasiliana.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemtafuta Roseline kwenye Ya Bure. Ananizidi hata nikiwa na mbuzi. Ghadhabu!

Lakini heri nilimtafuta, maana nimegundua jambo kubwa. Katika utafiti wa mawasiliano ulioandikwa kwa Kiswahili, juu ya kila mtu, yuko msomi mmoja anayeitwa K.H.J. Wa pili wake hamkaribii hata nusu. Ananukuliwa katika majarida ya miaka ya sabini, ya themanini, ya juzi. Dar, Nairobi, Unguja. Hana picha. Hana chuo. Wakubwa wa kweli hawajitangazi, ni sisi wadogo tunaoweka picha ya mahafali.

Na nani amemnukuu kuliko watu wote? Tasnifu ya Roseline Owino. Karibu kila ukurasa. Mahali pengine mara tatu mfululizo! Huko si kunukuu, ni kujipendekeza. Sasa naelewa. Roseline ana mlezi mkubwa, na amemficha.

Nikamtega kwenye chumba cha walimu. Nikamuuliza kama mtu anayepita tu, kama anamfahamu K.H.J. Akacheka. "Ile? Aki nimeitumia sana kwa tasnifu. Supavaiza wangu ni mzee wa zamani, ndiye alinizoesha."

Nimeitumia! Profesa mzima anatajwa kwa ngeli ya meza. Lakini ndivyo tulivyo watu wa Eastlands, kila kitu kwetu ni "hii". Nimemsamehe lugha. Kumficha profesa sijamsamehe.

Jumamosi, 8 Februari

Uamuzi umefanyika. Profesa K.H.J. atakuwa mlezi wangu kabla hajawa wa Roseline mbele ya kamati. Nimetafakari jina lake. Herufi kama hizo ni za pwani. Naona ni Kombo Hamisi Juma.

Asubuhi nilimsaidia Mutheu kufungua belo la mashuka ya mitumba pale sokoni Gikomba, kisha nikachepuka hadi kwa shemeji Kiema, kaka yake, ambaye ana karakana ya mbao upande wa chini. Nikamwagiza kibao cha mwembe, kichongwe vizuri: KWA PROF. K. H. JUMA, MLEZI WA WASOMI. Kiema akaacha randa. "Shem, huyu ni nani? MCA?" Nikamwambia ni mkubwa kuliko diwani yeyote wa kaunti. Akasema basi atapiga varnish mara mbili.

Mutheu alitusikia. Akauliza kama nimewahi kukutana na mtu huyo. Nikamweleza kwamba wasomi hukutana kwenye maandishi. "Baba Wayua," akasema, "hata mimi hukutana na Wazungu kwenye majina yaliyoshonwa pindoni mwa mashuka. Siwaiti marafiki." Mutheu ni mwanamke mzuri lakini hana moyo wa utafiti.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kwa Dkt. Kasiva. Nikamwamkia kwa Kikamba, maana ni mtu wa kwetu Kitui. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikaona niende moja kwa moja. Nikasema ripoti yangu itasimama juu ya Ya Bure, kwa kuwa ndiyo pekee inayomtambua Profesa K.H.J., ambaye kwa bahati ni mlezi wangu na huzungumza nami kwa simu.

Dkt. Kasiva akavua miwani. Akasema jina hilo amekuwa akiliona tangu akiwa mwanafunzi, kila kitabu cha Kiswahili alichokifungua. Akaifuta miwani, kisha akaongeza kwamba aliwahi kumsikia akihutubia kongamano moja Eldoret. Sauti nzito, akasema, na mtu wa heshima sana.

Nikasema ndiye huyohuyo.

Kwa hiyo yupo! Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu wa kudumu. Tatizo ni moja. Dkt. Kasiva ameniagiza nimwalike Ijumaa awe mgeni wa heshima.

Jumanne, 11 Februari

Nimemtafuta profesa siku nzima. Hana simu, hana anwani, hana hata mwanafunzi anayemlalamikia mtandaoni. Nikafikiria kumwomba mzee mmoja ninayemjua Majengo, Pumwani, mwenye kanzu nzuri na ndevu za kisomi, akae tu na kutikisa kichwa. Akakubali. Kisha akasema ataleta kundi lake la dufu. Nikaacha.

Mchana nikamwambia Dkt. Kasiva kwamba profesa ni mgonjwa, amelala kwake Mombasa. Miguu. Akasikitika sana, akasema hata kule Eldoret alikuwa akichechemea.

Jioni Roseline alinisubiri kwenye geti la korti yetu. Alikuwa amesikia habari za mgeni wa heshima. Akasema, "Ndolo, ngoja nikwambie kitu kabla hujaumia. Hiyo k.h.j. si—" Nikamkata. Nikamwambia kama ana neno juu ya profesa alilete kikaoni, mbele ya watu. Akajaribu tena. Nikafunga geti. Nilimchungulia kupitia tundu, akawa bado amesimama, anatikisa kichwa. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 12 Februari

Siku mbaya. Dkt. Kasiva anasema ikiwa mzee hawezi kuja, idara itamwendea. Gari limeshaombwa. Kesho alfajiri sote twende Mombasa tumpelekee matunda, na Ndolo atuonyeshe nyumba.

Nikaiona hiyo nyumba akilini. Nikamwona Dkt. Kasiva akibisha hodi, na mwenye nyumba akitoka akiwa ni mtu mwingine. Kabla sijajua, mdomo wangu ukasema profesa amefariki. Leo asubuhi. Kwa utulivu.

Sikumwua kwa ubaya.

Dkt. Kasiva akakaa chini. Machozi yakamlengalenga, kweli kabisa, nami nikajisikia vibaya kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze. Akauliza mazishi ni lini. Nikasema ameshazikwa, Waislamu hawakawizi. Akasema basi Ijumaa tutaanza kikao kwa kumkumbuka. Mimi nilete maua na kibao. Na Roseline aseme machache, kwa kuwa ndiye aliyemnukuu kuliko sote.

Kiema amenipigia simu kuuliza mbona sasa nataka neno "Marehemu". Nafasi haitoshi. Ameandika MAR. tu.

Ijumaa, 14 Februari

Najilazimisha kuandika.

Nilifika mapema na shada la maua meupe. Wauza maua wote leo wana mekundu tu, ya wapendanao. Ilinibidi nizunguke. Kadi niliiandika mwenyewe: "Pumzika salama, Profesa." Kibao cha Kiema nikakisimamisha mezani. Kilipendeza. Kamati ikaingia, na mwenyekiti wao, mzee wa suti ya kahawia, akakisoma kwa heshima.

Dkt. Kasiva akawaeleza. Akataja Eldoret. Akaomba wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya. Kamati nzima ikasimama. Vichwa vikainama. Roseline alifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakawa yanamtetemeka. Nilimhurumia. Nikajiambia kumbe alimpenda.

Kisha akaitwa mbele. Akafuta macho. Akasema, "Wakubwa wangu, samahani. Siwezi kusema uongo juu ya marehemu, kwa sababu hakuna marehemu. K.h.j. si mtu. Ni 'kama hapo juu'."

Mwenyekiti akatazama dari.

Roseline akaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi. Kwenye tanbihi za vitabu vya Kiswahili vya zamani, ukishataja kitabu mara moja, hurudii jina. Unaandika k.h.j. na ukurasa, na msomaji anaangalia tanbihi iliyotangulia. Supavaiza wake alimlazimisha aandike hivyo tasnifu nzima. Ya Bure husomwa na mtambo, na mtambo ukiona herufi tatu zikifuatwa na nambari, unasema huyo ni mwandishi. Ndiyo maana ananukuliwa kuliko wote. Kila mtu humtaja pale anapochoka kurudia jina la mtu mwingine.

Kimya. Cha pili, na hiki hakikuombwa.

Mwenyekiti akauliza sasa hapa tulikuwa tumemsimamia nani. Dkt. Kasiva alikuwa anaangalia dirisha. Nadhani alikuwa anaangalia Eldoret.

Nikaombwa nisome ripoti yangu. Ukurasa wa kwanza ulianza: "Ubora wa Ya Bure unathibitishwa na Profesa K.H.J." Nikauruka. Nikaanza wa pili. Wa pili ulikuwa na mbuzi.

Roseline akasoma yake. Fupi. Ya Ng'ambo ni safi lakini haituoni, kwa sababu mawasiliano ya watu wetu yameandikwa kwa lugha yetu na katika majarida yetu. Ya Bure inatuona sana, hata inaona wasiokuwepo. Ya Kwetu ingekuwa dawa kama ingefunguka. Kwa hiyo idara isichague moja. Itumie mbili, na mtu akae chini ahakiki jina kwa jina. Akatoa mfano wa makala nzuri ambayo Ya Ng'ambo imeikosa kabisa. Ilikuwa "Usikojoe Hapa". Akaisifu! Akasema ni utafiti wa miguu, na mwandishi wake angekuwa mbali kama angesoma tanbihi.

Nilitamani ardhi inimeze. Kutukanwa ningeweza kuvumilia.

Nafasi wamempa yeye. Palepale.

Nilirudi nyumbani na kibao kwapani na maua mkononi, maana hakuna aliyeyataka. Mutheu akafungua mlango, akayaona. Akasema miaka yote hii leo ndiyo nimekumbuka siku ya wapendanao. Alifurahi hasa. Nikamkabidhi. Kisha akaona kadi. Akasoma, "Pumzika salama, Profesa." Akanitazama muda mrefu, akaiweka kadi mfukoni mwa aproni, na maua akayatia kwenye jagi.

Wayua akauliza kama sasa nitafanya kazi kila siku. Nikamwambia bado. Akasema si neno, wakati mwingine pia ni wakati. Niliingia bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie. Bomba halikuwa na maji.

Jumamosi, 15 Februari

Roseline amekuja asubuhi na mandazi. Sikutaka kumfungulia, Mutheu akamfungulia. Akasema amezungumza na Dkt. Kasiva na madarasa yangu yamebaki. Dkt. Kasiva ana sharti moja, kwamba jina la mji wa Eldoret lisitajwe tena katika idara ile. Akasema pia kwamba mwakani huenda ikapatikana nafasi nyingine, na kuanzia sasa nisafishe jina langu.

Tukakaa mezani na kompyuta. Akanisaidia kuwaunganisha Ndolo M. na Muindi N. wakawa mtu mmoja. Mbuzi tukamrudishia mwenyewe. Nimebaki na tano. Akaniambia tano zangu ni bora kuliko themanini za mtu, na akaniapisha kwamba sitanukuu wala kumtaja msomi yeyote kabla sijafungua kitabu chake. Niliapa. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilikosea kumwita mwenye wivu. Mutheu alitia chai akitabasamu, na nyumba ikawa na amani.

Roseline alipoondoka nikapitia Ya Bure kidogo tu, kuhakiki.

Nimegundua jambo kubwa!

Yuko mtu anaitwa Wengine, N. Nimehakikisha safari hii. Si herufi tatu, ni jina kamili. Linasikika kama la watu wa Bungoma. Na yumo kila mahali! Fulani na Wengine. Fulani na Wengine. Ameandika na wanaisimu, na wanahabari, na madaktari, hata na yule Ndolo wa mbuzi. Na kila mara jina lake linawekwa mwisho, jambo linaloonyesha unyenyekevu wake. Mtu anayekubali kuandika na kila mtu hawezi kunikataa mimi.

Roseline sijamwambia. Ameshapata nafasi, atosheke na hiyo.

Nimempigia Kiema. Anasema upande wa pili wa kibao ni mzima kabisa, anaweza kuanza Jumatatu. Ila ameuliza hiyo N ni ya nini. Nimemwambia achonge Nelson.